Naogopa kupoteza jicho lile lile ninalotaka kuliokoa

BARUA

Sista, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 46, fundi cherehani hapa Tanga. Nimeanza kushona nikiwa na miaka 17, na kazi hii ndiyo iliyonisomeshea watoto watatu. Mkubwa wangu anaolewa Mfunguo Mosi, inshallah, na sare za shughuli nzima ziko mikononi mwangu.

Mwaka jana nilianza kupotelewa na uzi. Macho ya kuchoka nayajua, lakini hili lilikuwa la aina yake. Nikifumba jicho la kushoto ili nitie uzi kwenye sindano, jicho la kulia linaona sawa huku nje, ila pembe ya juu iliyo karibu na pua ni kama imefunikwa na kipande cha shela. Nilipewa miwani, nikabadilishiwa, nikabadilishiwa tena. Mara ya tatu yule kijana wa miwani akaniambia, "Mama, tatizo lako haliko kwenye lenzi, nenda hospitali kubwa."

Nikaenda Dar. MRI, kisha kipimo cha CT cha mishipa. Jibu: mshipa mkubwa wa damu unaopanda kichwani upande wa kulia umetuna kama kipuli, pale pale unapochipuka mshipa wa kwenda kwenye jicho. Milimita 9. Wanaita aneurizimu. Daktari wa upasuaji alisema afungue fuvu na kuubana kwa klipu. Akasema, "Mama, unatembea na bomu kichwani." Nilipomuuliza kuhusu jicho akajibu kwamba linaweza kupona, linaweza kubaki hivyo hivyo, na linaweza kupotea kabisa. Nilitoka pale miguu haina nguvu.

Mtoto wa kaka yangu akatuma picha India. Wao wakajibu kwamba hakuna haja ya kufungua kichwa, watapitisha mrija kwenye paja na kuweka stenti, kijibomba cha wavu ndani ya mshipa, halafu nimeze dawa za kuzuia damu kuganda. Bei inakaribia milioni 40, tiketi na malazi mbali. Kijana anasema amesoma mtandaoni kuwa utafiti umeshathibitisha njia ya kupitia mshipa ni bora kuliko kisu.

Sasa Sista, haya ya nyumbani. Dada yangu alianguka uani akifua nguo, mwaka 2011. Alishika kichwa, akasema "kichwa changu", basi. Hakufika hospitali. Tuliambiwa ni presha. Mama yetu tangu hapo hataki kusikia habari ya kichwa. Amenipeleka kwa shekhe, nimesomewa, nimekunywa kombe, na ameapa kwamba mtoto wake wa pili hatafunguliwa kichwa yeye akiwa hai.

Mume wangu ni dereva wa lori, anakwenda Tunduma mpaka Lubumbashi. Nimemwambia ni macho tu. Sitaki ashike usukani wiki mbili akiwaza bomu. Tena kitu pekee tulicho nacho cha kuuza ni kiwanja cha Pongwe, na tofali ameshazifyatua.

Nina presha, natumia dawa, japo si kila siku. Sivuti sigara. Hedhi yangu ni nzito kwa sababu ya uvimbe kwenye kizazi.

Niambie, nichague kisu au stenti? Ningoje harusi ipite? Na wanangu, je, nao wanayo? Usiku nalala nikisikiliza kichwa changu.

Mama Harusi, Tanga


JIBU

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa harusi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu. Mimi si daktari, nilikuwa muuguzi, na miaka yangu mingi niliimalizia kwenye wodi ya wagonjwa wa ubongo. Kwa hiyo sitakuambia uchague kipi. Ninachoweza ni kukaa nawe tuifumue hii nguo mshono kwa mshono, maana naona umeambiwa mambo mengi kwa mara moja, tena na watu wanaokupenda na watu wenye haraka.

Kwanza, umetia nyuzi mbili kwenye bobini moja. Uzi mmoja ni hofu ya mshipa kupasuka, kama unavyohisi ilivyokuwa kwa dada yako. Wa pili ni jicho linalofifia. Vyote vimetoka kwenye kipuli kimoja, lakini mwendo wao ni tofauti na uharaka wao ni tofauti. Ukivichanganya utajikuta unaamua jambo la jicho kwa hofu ya kifo, au la kifo kwa hofu ya jicho.

Tuanze na hilo bomu. Namwelewa daktari, wengi hulitumia neno hilo ili mgonjwa asipotee kwenye foleni. Lakini bomu hutegwa lilipuke, na mishipa mingi iliyotuna haipasuki kamwe. Katika kila watu wazima 100, kama watatu hivi wanatembea na kitu hiki bila kujua. Kuna utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa 2003. Kwa vipuli vya mishipa ya mbele ya kichwa ambavyo havijawahi kuvuja, vyenye milimita 7 hadi 12, waliona vilivyopasuka ndani ya miaka 5 ni asilimia 2.6. Yaani wanawake 100 wakae kibarazani, miaka mitano ipite, wawili au watatu wapatwe. Mpasuko wenyewe ni jambo zito, unaua wengi na wengine unawaacha na ulemavu, kwa hiyo hao wawili au watatu siwadharau. Ila hesabu hiyo haifanani na usiku unaoulala wewe.

Hapo hapo nikurudishe nyuma kidogo, usije ukaishika namba hiyo kama hirizi. Wewe una presha ambayo dawa zake unazimeza ukikumbuka. Una dada aliyekufa ghafla akishika kichwa. Na kipuli chako hakijakaa kimya, kimeshaanza kugusa mshipa wa fahamu wa jicho. Haya matatu yanaweza kuisogeza hesabu yako juu ya ile ya jumla, na ni daktari mwenye picha zako mkononi anayeweza kukuambia kwa kiasi gani. Muulize pia swali moja ambalo wagonjwa hawaliulizi: kipuli kiko ndani ya utando wa ubongo au nje yake? Mshipa ule mkubwa hutoboa utando karibu sana na hapo kabla ya kuchipusha mshipa wa jicho. Kilichobaki nje ya utando kikipasuka, kwa kawaida damu haimwagiki kuuzunguka ubongo. Hatari yake ni nyingine kabisa. Tofauti ni ya milimita chache, na mara nyingine huonekana vizuri kwenye angiografia tu, ile ya kupitisha mrija na kumimina dawa ya rangi. Hujaniambia kama umefanyiwa.

Sasa jicho. Ulivyoeleza ile shela, pembe ya juu upande wa pua, ndivyo kipuli cha mahali hapo kinavyojulikana kufanya, kwa sababu hutunia kwenda juu na kuusukuma mshipa wa fahamu kutoka chini na pembeni. Wewe mwenyewe umejipima kwa sindano na uzi kabla ya mashine. Lakini mashine inahitajika. Kuna kipimo cha upana wa kuona, unakaa mbele ya bakuli jeupe na kubonyeza kitufe kila uonapo nukta ya mwanga. Umefanyiwa mara ngapi? Kipimo kimoja kinasema ulipo. Viwili, vikiachana kwa wiki kadhaa, vinasema unakokwenda. Swali lako la kungoja harusi siwezi hata kuligusa bila hicho cha pili. Kama shela imekaa pale pale tangu mwaka jana, daktari anaweza kuona Mfunguo Mosi si mbali. Kama inashuka, mshipa wa fahamu uliobanwa muda mrefu haurudi kirahisi, na kila mwezi una bei yake. Mpe daktari tarehe ya harusi waziwazi. Usimwambie "nitafikiria", maana huenda akakuandika umekataa matibabu.

Tuje kwenye kisu. Wewe ni fundi, nikueleze kama fundi. Nywele hunyolewa kidogo, ngozi hukatwa nyuma ya mstari wa nywele, kipande cha mfupa hufunguliwa pembeni mwa paji. Pale kwenye mshipa wa jicho kuna kijibonge cha mfupa kilichochongoka ambacho kinafunika shingo ya kipuli kama kifungo kilichoshonewa juu ya tundu lake. Lazima kisagwe kwa keekee ndogo, kandokando ya mshipa wa fahamu wa jicho, huku maji yakimiminwa ili joto lisiuunguze. Mara nyingi shingo ya mgonjwa pia huandaliwa ili mshipa mkubwa uweze kufungwa kwa muda damu ikileta ubishi. Ndipo klipu inapowekwa shingoni mwa kipuli, kama kibanio cha nguo. Wazo lenyewe si geni, Walter Dandy alibana aneurizimu ya kwanza kwa klipu ya fedha huko Baltimore mwaka 1937. Ugumu wa hapa pako ni uchochoro wenyewe. Aneurizimu nyingi za sehemu nyingine ya kichwa hazidai kusaga mfupa karibu na jicho namna hii.

Kwa hiyo daktari alipokuambia "linaweza kupona, kubaki, au kupotea," hakukwepa swali. Alikuambia ukweli, labda bila kukuwekea kiti kwanza. Faida ya njia hii ni kwamba kipuli kinaweza kutobolewa kikanywea papo hapo, mgandamizo ukaondoka siku hiyo hiyo. Klipu ikikaa vizuri, kazi huwa imekwisha kwa miaka mingi, na hutegemei vidonge vya kuzuia damu kuganda. Hatari ni kwa jicho hilo, pia kiharusi, kifafa, maambukizi, na wiki za kupona ambazo hutagusa cherehani. Swali la kumuuliza, tena bila aibu: wewe mwenyewe umefanya ngapi za mahali hapa, karibu na mshipa wa jicho, na macho ya wagonjwa wako yalikuwaje baadaye? Mtu anayempa fundi kitambaa cha harusi huuliza alishona cha nani. Daktari mzuri hakasiriki.

Stenti ya India nadhani ni ile ya matundu madogo madogo inayochepusha damu. Haiingii ndani ya kipuli. Inalazwa kwenye mshipa mkubwa ikipita mbele ya mlango wake, damu inaambiwa ipite moja kwa moja, na kile kilichobaki nyuma ya wavu kinatulia, kinaganda, kinanywea polepole. Marekani waliiruhusu mwaka 2011, na sehemu iliyoruhusiwa ilijumuisha huu mshipa wako, kwa vipuli vikubwa vyenye mlango mpana. Vidogo vilikuja baadaye. Katika utafiti uliotangulia ruhusa hiyo, wenye wagonjwa 108, takriban robo tatu ya vipuli vilikuwa vimeziba kabisa baada ya miezi 6, na kwa waliofuatiliwa hadi mwaka wa tano ni zaidi ya 90 kwa 100.

Ona neno miezi. Hapo ndipo nataka usimame. Fuvu halifunguliwi, unaweza kurudi nyumbani baada ya siku chache, lakini kipuli hakifungwi siku ile, na mgandamizo kwenye jicho hupungua kwa mwendo wake. Tena wavu unapita juu ya mlango wa mshipa wa jicho. Kwa wengi damu huendelea kupita, na hata ikipungua jicho hupata msaada wa mishipa ya usoni. Lakini wapo waliopoteza sehemu ya uwezo wa kuona. Kwa hiyo yeyote anayekuambia kwamba njia ya paja haigusi jicho, amekurahisishia mno.

Halafu dawa. Aspirini na klopidogreli pamoja, kwa miezi, kisha aspirini kwa muda mrefu sana, pengine maisha. Ukizikatiza kabla ya wakati, damu inaweza kuganda ndani ya stenti na kukuletea kiharusi. Nakuuliza kama muuguzi, usinichukie: wewe unayesahau kidonge cha presha, hizi utazikumbuka? Zinapatikana mtaani kwako mwezi kwa mwezi? Na hiyo hedhi nzito uliyoitaja mwishoni kama jambo dogo, mimi nimeipigia mstari mara mbili. Dawa hizi zinaweza kuigeuza ikawa ya kukulaza kitandani. Waandikie India juu ya uvimbe wa kizazi kabla hujauza hata tofali moja, na muone daktari wa wanawake kwanza. Inawezekana kabisa ikarekebishika, ila isiwe jambo la kugunduliwa ukiwa umesharudi Tanga. Na picha za ufuatiliaji za miezi na miaka inayofuata, zitapigwa wapi na kwa fedha zipi?

Kuhusu utafiti wa mtoto wa kaka yako, nahisi ni ule mashuhuri wa 2002, wa wagonjwa 2,143. Ulikuwa mzuri na ulibadilisha mambo duniani. Lakini wagonjwa wake wote mishipa ilikuwa imeshapasuka, na ulilinganisha klipu na koili, zile nyaya laini zinazojazwa ndani ya kipuli. Wewe hujapasukiwa na wala hujapewa koili. Mshukuru kijana kwa bidii yake, mwambie ni nguo nzuri isiyo ya kipimo chako.

Iko pia njia ya kutofanya kitu kwa sasa, kudhibiti presha kwelikweli na kurudia picha. Kwa vipuli vidogo visivyo na dalili hushauriwa mara nyingi. Kwako jicho linaifanya iwe njia ngumu, ingawa ni haki yako kuitaja mezani. Kidonge cha presha chenyewe hakisubiri uamuzi wowote. Anza leo usiku.

Nisingependa uchague kati ya barua mbili kutoka kwa watu wawili wasiokutana. Daktari wa kisu alikupa kisu, wa mrija akakupa mrija. Tafuta mahali ambapo hao wawili hukaa chumba kimoja na kuiangalia picha yako pamoja. Hapa nyumbani, pale Muhimbili, Dar, kuna MOI, taasisi ya mifupa inayoshughulika pia na upasuaji wa ubongo. Omba rufaa ukaulize maoni ya pili hata kama hatimaye utatibiwa kwingine. Nenda na CD yenyewe ya picha, karatasi ya majibu haitoshi. Waulize pia kama upande wa kushoto umekaguliwa, kwa sababu wanawake wenye kipuli mahali hapa wakati mwingine wana kingine.

Sasa mama. Sijaona mzazi mkaidi kwenye barua yako, nimeona mzazi aliyezika. Dua na kombe havijagombana na hospitali, na wewe hukusema vimegombana. Labda kiapo chake kinaombea kitu kingine, kwamba asiletewe tena habari ya ghafla. Akipelekwa siku moja kwa daktari, akaonyeshwa picha, akaambiwa kwamba huyu tumemjua mapema, yule hatukumjua, huenda akasikia tofauti. Huenda asisikie. Wewe ndiye unayemjua.

Kuhusu kifo cha dada yako, "presha" ya 2011 inaweza kuwa kweli, na inaweza kuwa mshipa uliopasuka. Mweleze kila daktari. Kwa kawaida uchunguzi hupendekezwa kwa mtu mwenye ndugu wawili wa karibu, yaani mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto, waliopatwa na jambo hili. Kwa hesabu hiyo, ikiwa la dada yako nalo lilikuwa hili, anayepaswa kuuliza kwanza ni kaka yako. Wanao wana mmoja wa karibu, ambaye ni wewe, na dada yako, mama yao mkubwa au mdogo, huhesabiwa mbali kidogo. Hakuna sababu ya kumpeleka bibi harusi kwenye mashine wiki hii.

Limebaki la mumeo, na hapa nitakuuliza tu. Unamficha ili aendeshe salama. Je, simu ya kuitwa akiwa Tunduma, kwamba mkewe yuko chumba cha upasuaji au ameanguka, ataipokea akiwa salama zaidi? Na kiwanja ni chenu wawili, unawezaje kukipigia hesabu peke yako? Sisemi umwambie kwa simu akiwa barabarani. Ngoja arudi, apumzike siku moja, ale. Usianze na bomu. Anza na shela iliyo kwenye pembe ya jicho lako. Chukua sindano na uzi, fumba jicho lako la kushoto kwa kiganja, umwonyeshe mnachozungumza. Inawezekana akakasirika kwamba hukusema. Inawezekana pia akajua la kufanya na zile tofali.

Na jambo la kubandika ukutani karibu na cherehani, watu wote wa nyumbani walijue: kichwa kikiuma ghafla kama umepigwa rungu, shingo ikakaza, ukatapika, kope ikaanguka au ukaona mawili mawili, hakuna kusubiri kupoe wala kumeza aspirini ya dukani. Ni gari na hospitali, usiku huo huo.

Ukishapata kipimo cha pili cha jicho, niandikie. Na sare za watu, gawa nusu kwa fundi mwenzako. Gauni la binti lishone wewe, mchana, dirishani.

Sista